Magurudumu ya Mchanga

Nilimuuliza Mama Awor sura ya mama yangu ilikuwaje. Aliweka chini karai lake la kuoshea dhahabu, akajifuta mikono kwenye leso, akaniangalia usoni. Aliniangalia kwa muda mrefu. Nyuma yake watu walikuwa wakishuka na kupanda mashimoni, wote wekundu kwa udongo, na hakuna aliyejali kwamba mtu mzima mwenye mvi ndevuni amesimama pale akisubiri kuambiwa alizaliwa na nani.

Nilikuwa nimeenda Tiira kwa sababu ya pasipoti. Na pasipoti niliitaka kwa sababu ya Ofwono.

Mimi ni fundi wa vyuma Busia, karibu na kizuizi cha mpaka, upande wa Uganda. Jina langu ni Chrispinus, ila watu huniita Fundi, na wengi hawajui kama nina jina jingine. Kazi yangu kubwa ni baiskeli za magurudumu matatu, zile kubwa za kuendeshwa kwa mikono, ambazo walemavu wa kwetu hubebea mizigo kuvuka mpaka. Ofwono alikuwa mmoja wao. Kwao ni Kiyeyi. Miguu yake ilipooza kwa polio kabla hajajua kutembea, lakini mikono yake ilikuwa minene kama mapaja ya mtu mwingine. Kabla sijapata karakana nilikuwa msukumaji wake, na hata nilipoipata niliendelea kumsukuma asubuhi, kwa mazoea. Yeye anazungusha, mimi nasukuma. Tulipitisha mchele, sabuni, mafuta ya kupikia. Askari wa pande zote mbili walitupigia saluti ya mzaha, tukapita. Hakuna aliyewahi kutuuliza karatasi. Sisi tulijua karatasi ni za malori, si za watu.

Wazo la safari alilianzisha dereva mmoja mzee wa Mombasa. Lori lake lilikwama foleni, akawa anakuja kukaa karakanani kukwepa jua. Aliwahi kuishi Oman kwa jamaa zake. Alitutolea simu yake akatuonyesha miji ya zamani iliyo kando ya jangwa: Nizwa, Bahla, Al Hamra. Ngome za udongo zenye minara minene kama matangi. Nyumba za udongo za ghorofa tatu, zimeegemeana kama watu waliochoka. Mifereji ya maji iliyochimbwa na watu waliokufa zamani, na maji bado yanapita. Ofwono aliishika ile simu kwa mikono miwili.

Alitaka kujua kama ni udongo mtupu, bila saruji. Dereva akasema mtupu. Ofwono akasema kwao Kiyeyi mvua moja inalaza nyumba ya udongo chini, sasa hiyo inasimamaje? Dereva akacheka, akasema huko mvua ni mgeni, hupita kusalimia tu. Kisha akaongeza lile neno lililotumaliza: kwamba huko Nizwa wako wazee wengi wanaosema Kiswahili.

Dereva aliondoka na lori lake. Sisi tukabaki na miji yake.

Mke wangu alikuwa amesharudi kwao Masinya miaka mingi nyuma. Hatukupata mtoto, wala hatukugombana. Alichoka tu. Kwa hiyo jioni zangu zilikuwa za Ofwono. Alikuja na chapati, mimi nikachemsha chai kwenye jiko la makaa, tukapanga. Mwanzoni tulipanga kwa ulafi. Tulitaka Timbuktu, tukaikata kwa sababu ya vita. Tulitaka Shibam kule Yemeni, nayo tukaikata. Agadez tuliililia siku nyingi kabla ya kuiacha. Ikabaki Oman, na Ofwono akasema sawa, mji ambao unaweza kuomba maji kwa lugha yako si mji wa ugenini. Nauli haikumsumbua, alikuwa na vyumba vya kupangisha, na hakutaka mtu mwingine wa kwenda naye. Tulijua mwezi gani jua limepoa. Tulijua tutaanza na soko la Nizwa, siku wanapouza mbuzi, kisha Bahla, ambako ukuta wa udongo unazunguka mji. Nilijua vichochoro vya Al Hamra kuliko nilivyojua vya Tororo.

Shida ilikuwa mchanga. Magurudumu ya baiskeli ni membamba, yangezama. Niliwaza jambo hilo nikichomelea milango ya watu. Mwishowe nilitafuta magurudumu matatu ya pikipiki yenye matairi mapana, nikaunda fremu mpya ya mabomba mepesi, na kila mahali pa kuchomelea nikaweka nati, ili ifunguliwe, ipakiwe kwenye ndege, na ifungwe tena upande wa pili. Haikuwa nzuri kwa macho. Ofwono alisema inafanana na mbuzi aliyemeza ngoma.

Tulikwenda kuijaribu kando ya Mto Malaba, wanakochimba mchanga wa ujenzi. Nilimpakia, nikasukuma. Matairi yalilala juu ya mchanga, yakapita. Tulipanda rundo lote mpaka kileleni, na wachimbaji wakaacha majembe kutuangalia.

“Fundi, gurudumu hii iko mzuri,” Ofwono alisema bila kugeuka. “Lakini wewe unasukuma kama mtu anasukuma jeneza.”

Nilimwambia maiti hawaongei sana hivyo. Alicheka mpaka baiskeli ikaanza kurudi nyuma, nikaizuia kwa kifua. Sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko ile.

Watu wengine wangeanza na pasipoti. Sisi tuliishi juu ya mpaka, na mpaka ndio kitu tulichosahau.

Ofwono alikwenda kwao, na wajomba na mashangazi wakagombana nani ashuhudie kwamba ni mtoto wa pale. Kila mmoja alitaka awe yeye. Pasipoti yake ikatoka. Mimi nilikaa mbele ya meza, na kijana wa ofisi ya vitambulisho akaniuliza nimezaliwa wapi, ukoo gani, baba nani. Nilimwambia sijui. Sina kitambulisho; hata laini yangu ya simu imeandikishwa kwa jina la Ofwono. Akauliza nani ananijua. Nikasema Busia yote inanijua, aulize hata askari wa kizuizini.

Alikuwa kijana mpole. Aliweka kalamu chini. “Mzee, hao wanakujua ukiwa mkubwa,” alisema. “Mimi nataka mmoja tu aliyekujua ukiwa mdogo.”

Aliyenijua nikiwa mdogo aliitwa Loice. Alikuwa mama wa Kenya, muuza omena sokoni, wale dagaa wa ziwani. Aliniambia alinitoa Tiira, kwenye machimbo ya dhahabu, nikiwa nimeanza tu kutembea. Mama yangu alikuwa akichota maji ya kuoshea dhahabu, akaugua, akafa, na hakuna aliyejua alitoka wapi, kwa sababu machimboni watu hutoka kila mahali. Loice alinipa jina na ubao wa kuandikia. Nilikuwa darasa la sita alipokufa, na shule ikaishia hapo. Nilijaribu upande wa Kenya pia. Waliniuliza kama Loice alinizaa, nikasema hapana. Ningesema ndiyo, labda hadithi hii ingekuwa nyingine, lakini niliulizwa nikajibu.

Ndipo nikaenda Tiira, nikauliza shimo hadi shimo ni nani mzee kuliko wote, na watu wakanielekeza kwa Mama Awor.

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta karai. Akasema ndiyo, anamkumbuka, walimwita Amondi, mchota maji, mpole, alikuwa na mtoto mgongoni. Nikauliza sura yake ilikuwaje, naye akaweka karai chini, akaniangalia.

“Alikuwa mweusi wa kung'aa,” alisema. “Paji la uso pana. Sikio hili limesimama kuliko hili. Na hapa, juu ya nyusi, alikuwa na kovu.”

Kovu hilo ni langu. Nililipata karakanani, diski ya kukatia chuma ilipovunjika, nikiwa na umri wa kuitwa mzee.

Aliendelea kunisoma usoni taratibu, kidevu, meno, akinipa mama kutoka kwenye kichwa changu mwenyewe. Hakuwa tapeli. Hakuomba hata sukari. Alimwona mtu mzima anayetafuta mama, akaona si vizuri arudi mikono mitupu.

“Tunakwenda lini hiyo ofisi, mwanangu?” aliuliza. “Mimi nakwenda. Nasema mimi nilikata kitovu.”

Nilimshukuru, nikamwambia nitarudi kumchukua. Nilitembea mpaka barabarani, na boda ya kwanza iliposimama nikaiacha ipite, na ya pili pia. Nilijaribu kulitamka lile jina. Amondi. Lilikuwa jina zuri. Lingetosha. Kijana yule mpole angeliandika, ningepata kitambulisho, kisha pasipoti, na kabla ya mwaka kwisha ningekuwa nasukuma baiskeli chini ya ukuta wa Bahla. Lakini maisha yangu yote palikuwa na pengo, na ndani ya pengo lile alikuwemo mtu. Sikumjua uso wala jina, ila pale palikuwa pake. Nikimwandika Amondi, sina pa kumweka tena yule mwingine.

Ofwono alinisubiri karakanani. Nilimweleza yote, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane alinikasirikia.

“Fundi, wewe umepitisha mchele ya Pakistan, unasema ni ya Bugiri. Miaka ngapi? Leo mama moja ya kuazima imekushinda?”

“Mchele huliwa ukaisha,” nilimwambia.

Chai ilipoa kwenye vikombe. Nje, malori yalikuwa yakinguruma kwenye foleni, na taa zao zilipita ukutani, juu ya lile dubwana la magurudumu mapana. Mwishowe akasema basi, hatuendi. Nikamjibu kwamba yeye ataenda. Sikutengeneza magurudumu ya mchanga ili yasimame kwenye saruji. Alinitukana kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, polepole, tusi refu ambalo nililielewa nusu. Kisha akauliza nani atasukuma.

Alikuwa na mpwa wake Jonan, mwanamume wa kutosha, mwenye pasipoti tayari kwa sababu aliwahi kufanya kazi Dubai. Nilimfundisha mimi mwenyewe, kulekule kwenye mchanga wa Malaba. Nilimwambia asisukume kwa mikono, asukume kwa kifua. Akiona Ofwono ameinama kulia, ajue bega linamuuma, asimwulize, apunguze mwendo tu. Akiona amenyamaza muda mrefu, amchokoze. Jonan aliitikia kila kitu, akasahau kila kitu, lakini alikuwa na nguvu.

Niliifungua baiskeli kipande kwa kipande, nikaiweka kwenye maboksi, nati zote kwenye mfuko mmoja. Asubuhi ya safari niliwasindikiza hadi kwenye basi la Kampala. Ofwono alibebwa mgongoni na Jonan, akaketishwa dirishani. Alinishika mkono kupitia dirisha. Basi liliondoka. Nilirudi karakanani nikakuta kikombe chake bado kina mashapo ya chai ya jana.

Alirudi, bila shaka. Alirudi amekuwa mweusi zaidi, na zawadi ya tende, na picha nyingi. Alinionyesha zote usiku mmoja. Nilitaja vichochoro kabla yake, naye akawa anasema ndiyo, ndiyo, hapo hapo. Lakini baadaye hatukuwa na cha kupanga. Yeye alikuwa ameona, mimi sikuwa nimeona, na katikati ya mambo hayo mawili chai hainyweki vizuri. Anakuja bado, siku mojamoja. Tunazungumza habari za vyuma.

Kuna ujumbe mmoja wa sauti ambao sijaufuta. Aliutuma akiwa huko, jioni moja nilipokuwa nimefunga mlango wa karakana lakini sijawasha taa.

“Fundi. Niko chini ya ukuta ya Bahla. Ni udongo tu, kweli, lakini inazunguka mpaka macho inachoka. Kuna mzee mmoja hapa, anaongea Kiswahili kushinda sisi. Ameangalia baiskeli mpaka amelala chini. Ameuliza nani ametengeneza. Nikasema ndugu yangu. Akauliza, ndugu wa kuitana ama ndugu wa tumbo moja? Nikasema tumbo moja. Basi. Nimeona nikwambie.”

Chini ya sauti yake niliusikia upepo, na mtu akiita mbuzi kwa mbali.

Niliusikiliza tena. Nilimkumbuka mama yake Ofwono, marehemu, aliyekuwa akinivutia kiti kila nilipofika Kiyeyi, kabla hata sijapiga hodi. Ningeweza kumwambia asiwadanganye wazee wa watu. Badala yake nilimuuliza kama mchanga unaingia kwenye beringi za magurudumu.

Akajibu neno moja. Inaingia.

Niliwasha taa, nikachukua chaki, nikapiga magoti sakafuni, nikaanza kuchora kifuniko kisichopitisha mchanga.