Picha za Mikate ya Mama Kim

Tabby wa Mweiga, ambaye majirani humwita Mama Kim, alikuwa na imani moja isiyotikisika: mtu hapigwi picha hivi hivi. Kwanza anaoga. Kisha anavaa nguo ya kanisani, anajipaka mafuta mpaka magotini, na kusimama wima akitazama mbele kama anayesubiri hukumu.

Imani hiyo haikuwahi kumdhuru mpaka alipojiunga na kozi ya uokaji katika chuo kimoja mjini Nyeri. Huko kila mwanafunzi alipewa jalada lake ndani ya darasa la mtandaoni. Humo alitakiwa kupakia picha za kazi aliyoifanya nyumbani, wiki baada ya wiki, ili mwalimu azifungue kwenye kompyuta na kuona kama kweli amejua kazi. Bila jalada, hakuna cheti. Na Tabby alikitaka cheti hicho mpaka akakiota, maana shule moja ya bweni ilikuwa imemwahidi kazi ya kusimamia mikate yao, mradi alete karatasi.

Basi akaoka. Alioka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, katika jiko lake ambalo kuta zake zimekuwa nyeusi kwa moshi. Mkate ukiiva, aliufunga kwa kitambaa, akaoga, akavaa sare ya akina mama wa kanisa, akaubeba hadi kwa jirani yake Jannat, mwenye jiko la vigae vyeupe. Mumewe Ngatia alifuata nyuma na simu.

Ngatia ni mtu mwema, lakini vipaji vya kupiga picha vilipogawanywa, yeye alikuwa amekwenda kukama ng'ombe. Alihesabu moja, mbili, tatu kwa sauti ya kuanzisha mbio, kisha akamkata mkewe kichwa. Wakarudia. Akamkata tena.

"Lakini mkate imetokea vizuri," alijitetea.

Hivyo ndivyo jalada la Mama Kim lilivyojaa: mikate mizuri, vigae vyeupe, na sare ya kanisa isiyokuwa na kichwa.

Juma la mwisho, mwalimu wake, Madam Anita, alimwandikia chini ya picha hizo: "Mama Kim, mikate ni mizuri na nguo pia. Lakini sikuoni ukifanya kazi. Nitajuaje kwamba hukuinunua dukani? Nionyeshe ukipima, ukikanda, ukioka. Jalada linafungwa Ijumaa jioni."

"Ati dukani!" Tabby alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Akampigia mwalimu simu pale pale. "Madam, kwani unataka nipigwe picha nikiwa na unga kwa mapua?"

"Hiyo hasa, Mama Kim."

Alipokata simu, hasira ilikuwa imemwisha na hofu imeingia. Kuoka upya mikate ya muhula mzima kabla ya Ijumaa hakungewezekana, hata angeazima sufuria zote za Mweiga. Akaketi kwenye kigoda, machozi yakimlenga. Kazi ile ilikuwa inamponyoka kwa sababu ya usafi wake mwenyewe.

Ngatia akakohoa. "Mama Kim, usikasirike. Niko na zingine."

"Zingine gani?"

"Ulisema kila saa nakukata kichwa. Sasa nikawa najifunza, wewe ukiwa na shughuli zako. Hapo hauniangalii." Akatazama viatu vyake. "Ukiniangalia, mkono inatetemeka."

Tabby akampokonya simu. Kumbe mwizi wa picha alikuwa nyumbani muhula mzima! Huyo hapo Tabby mwenyewe, kilemba kimekaa upande, akipima unga huku amefumba jicho moja. Huyo hapo akikanda, akipuliza makaa kwa mashavu yaliyovimba, akiucheka mkate uliobonyea katikati. Unga puani, naam. Mkate wenyewe ulionekana kwa taabu, huku kipande, kule pembe. Lakini kichwa cha Mama Kim kilikuwemo katika kila picha, kizima, katikati.

Alitaka kugomba, lakini akarudi kuzitazama upya. Hakuwa amewahi kujiona akifanya kazi, na alijipenda. Aliona haya na furaha kwa pamoja. Akazipakia zote, wiki kwa wiki, wenzake wa darasani waone wakitaka.

Ijumaa mchana jibu lilikuja: "Mkate nimeutafuta kwa tochi, lakini mwokaji nimemwona kweli kweli. Umefaulu. Sasa niambie, mpiga picha wako ni nani? Na mimi natamani mtu wa kuniangalia hivyo."

Tabby alilisoma kwa sauti mara mbili. Ngatia, aliyekuwa akijifanya anakaza msumari mlangoni, aliuzungusha msumari ule ule mpaka ukang'oka.

"Baba Kim, kuja hapa. Na simu."

"Si uende uoge kwanza?"

"Sitaki kuoga. Piga hivi hivi."

Akasimama mlangoni pa jiko lake jeusi, aproni imejaa unga, akamtazama mumewe usoni na kutabasamu. Ngatia akahesabu moja, mbili, tatu.

Akamkata kichwa.