Bwawa la Mwalimu Dorothea

Siku bwawa lilipojaa, maji yalikuwa meupe kiasi kwamba Dorothea aliweza kusimama ukingoni na kuona mistari ya saruji kati ya vigae vya chini, hata upande wa kina kirefu. Alivua viatu akaketi, akatumbukiza miguu, akacheka peke yake. Kisima kilikuwa kimetoa maji kwa siku nne mfululizo bila kukauka, na katika upande huo wa nje ya mji, kwenye njia ya kwenda Makutupora, hilo halikuwa jambo dogo.

Alikuwa amefundisha michezo shule ya sekondari kwa miaka ishirini na minne. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, wanafunzi wake wawili walizama huko Bahi, mahali ambapo maji yalikuwa yakiwafika kifuani tu kabla ya kuingia kwenye shimo. Walikuwa na nguvu, walikuwa wakimbiaji, ila hakuna aliyewahi kuwafundisha kulala juu ya maji. Tangu hapo Dorothea alikuwa na neno moja tu: akistaafu, atajenga bwawa la kufundishia watoto. Watu walimsikiliza, wakatikisa vichwa. Aliyemwamini mwanzo hadi mwisho ni mdogo wake, Brighton.

Au ndivyo alivyodhani. Brighton alikuwa darasa la kwanza mama yao alipofariki, na Dorothea ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamtafutia chuo cha ufundi. Sasa alikuwa fundi wa visima na pampu, mwenye duka lake mtaa wa Majengo. Ndiye aliyempatia dada yake kiwanja cha kununua, kutoka kwa baba mkwe wake, mzee Zablon. Ndiye aliyesimamia uchimbaji. Ndiye aliyepeleka chupa ya maji maabara, akarudi na kusema, "Maji ni safi, dada. Jaza tu."

Watoto kumi na mmoja walikuwa wameandikishwa kuanza Jumamosi. Ijumaa mchana Dorothea alipima klorini kama alivyofundishwa, akaiyeyusha kwenye ndoo, akaizungusha bwawani taratibu. Kisha akaingia jikoni kuchemsha chai. Alipotoka na kikombe mkononi, maji yalikuwa yameanza kuwa ya kimanjano. Saa kumi na moja yalikuwa kama chai ya rangi iliyokolea, na chini hakukuonekana kitu.

Alimpigia Brighton.

"Hujaweka dawa ya kutosha," Brighton akamwambia. "Ongeza klorini, dada. Huo ni uchafu unapigana na dawa."

Akaongeza. Maji yakazidi weusi. Asubuhi wazazi walifika na watoto wao wenye mataulo mabegani, wakatazama, wakatazamana. Mama mmoja, Yasinta, karani wa ofisi fulani ya serikali, alisema kwa upole kwamba watarudi mwalimu akishatengeneza. Wiki ile Dorothea aliongeza dawa mara mbili tena, kila mara kwa ushauri wa Brighton. Ngazi za bwawa zikashika madoa ya kahawia kama ya msumari uliolala kwenye nguo mbichi, na vigae vikaota alama nyeusi ambazo brashi haikuzitoa. Alisugua mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Alijilaumu. Labda alikosea kipimo, labda uzee, labda ndoo ilikuwa na kitu.

Wiki ya tatu alikutana na Yasinta sokoni. Yasinta akamshika mkono. "Usijali, mwalimu. Mdogo wako ametueleza. Alisema ulichanganya dawa vibaya, na kwamba siku hizi unasahausahau. Sote tutafika huko."

Dorothea alimshukuru, akaendelea kuchagua nyanya. Alifika nyumbani bila kukumbuka alivyopanda bajaji. Hakumkasirikia Brighton siku ile. Aliona aibu tu, kwamba mdogo wake ameona udhaifu wake kabla yeye mwenyewe hajauona.

Kesho yake alichota maji kisimani kwenye chupa mbili na kuyapeleka maabara mwenyewe. Mtaalamu aliyempokea aliitwa Masudi, kijana mwenye miwani. Aliandika jina la eneo, akasita, akafungua jalada.

"Mama, kisima hiki tumeshakipima. Mwezi wa tano."

"Ndiyo. Mlisema maji ni safi."

Masudi alimgeuzia karatasi. "Hatukusema hivyo. Chuma kiko juu sana, na manganizi pia. Kwa macho yanaonekana meupe kwa sababu madini yameyeyuka ndani. Ukitia klorini, yanageuka kutu palepale. Tuliandika hapa chini: yasitumike bwawani kabla ya kutolewa madini. Majibu alichukua mtu aliyesaini hapa."

Saini ile Dorothea aliijua. Alikuwa amemshika mkono mwenye saini hiyo akimfundisha herufi B.

Aliomba nakala, akaenda moja kwa moja Majengo. Brighton alikuwa dukani peke yake, amechuchumaa akifunga pampu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akaweka karatasi juu ya meza. "Hii uliniwekea wapi?"

Brighton aliisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Ningekwambia, ungemrudishia mzee kiwanja," alisema. "Na hela yako alikuwa ameshaanza kujengea. Ningekaaje na mke wangu?"

"Mzee alijua?"

"Kisima chake cha zamani kilikuwa hivyohivyo. Hawafulii nguo nyeupe pale."

"Na wewe ukanipeleka."

"Nilidhani yatatulia yenyewe."

Dorothea alivuta kiti akakaa. "Uliniambia niongeze dawa. Mara tatu. Ulijua kwamba dawa ndiyo inayoyageuza?"

Nje mtu alikuwa akipakia magunia ya mtama kwenye mkokoteni. Brighton alimtazama mtu yule badala ya dada yake.

"Nilijua," alisema. "Nilitaka udhani ni kosa lako la kipimo."

Dorothea alikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba, akaondoka. 

Siku chache baadaye alirudi kwa Masudi, naye akamweleza la kufanya kama mwalimu anavyomweleza mwanafunzi. Aache klorini ishuke. Asage vidonge vya vitamini C, avitie kwenye soksi, aikandamize juu ya doa. Dorothea alidhani anataniwa, lakini aliposhikilia soksi ile kwenye ngazi na kuiondoa, palibaki duara jeupe safi. Kisha ikaja dawa ya kushika madini, na chujio lililosafishwa kila siku kwa wiki mbili. Kwa maji mapya ya kuongezea, fundi aitwaye Sila alijenga tangi la juu lenye bomba lililotobolewa matundu, maji yadondoke kama mvua, yapigwe na hewa, kutu itulie chini, ndipo yapite kwenye mchanga na kuingia bwawani. Brighton alituma ujumbe kwamba angejenga tangi hilo kwa mikono yake. Hakujibiwa.

Ndugu waliwakutanisha. Brighton alipiga magoti, akaomba msamaha mbele ya shangazi zao. Dorothea alisema, "Nimesikia." Shangazi walingoja aendelee. Yeye akachukua mkoba wake.

Mwezi wa kumi Yasinta alimleta mwanawe, na wengine wakafuata. Siku moja kwenye mstari wa watoto alisimama Angelina, binti wa Brighton, wa miaka minane, amevaa kofia ya kuogelea mpya. Dorothea alimwandika jina kama wengine. Alimlaza juu ya maji, kiganja chini ya mgongo wake.

"Legeza shingo. Tazama juu. Maji yatakubeba."

Mtoto alilegea. Halafu akasema, macho yakiwa juu, "Shangazi, baba yuko getini. Anauliza kama aje akusalimie."

"Mwambie nafundisha," Dorothea alisema, akaondoa kiganja polepole, na mtoto akabaki akielea.