Nyayo Nilizozifagia

Vumbi la Mpanda ni jekundu, na mwezi wa nane halina adabu. Linaingia bila hodi. Linakaa kwenye kope, kwenye unga, kwenye kurasa za kitabu changu cha sala, na kwenye kola nyeupe ambayo mtu ameivaa mara moja tu. Mimi nilikuwa adui yake. Kila Ijumaa nililifukuza kwa ufagio wa vijiti kutoka langoni hadi kizingitini, nikajisifu, Mzee Lazaro, nikajisifu sana, kwamba kutoka stesheni hadi mgodini hapakuwa na ua safi kama ua wa sinagogi letu.

Nasema letu. Mimi Kasimiri, Mkatoliki wa Kibaoni, niliyebatizwa na mapadre na kufundishwa nao kutumikia misa, nasema sinagogi letu. Watu walinicheka kwa hilo. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na paa la bati. Ilijengwa na Wayahudi wachache waliokimbia vita kwao Ulaya, wakaja kufanya kazi mgodini mwaka ule reli ilipofika. Ninyi mlikuwa wenye nyumba na mimi nilikuwa mtunzaji. Lakini mtu akifagia mahali miaka saba, mahali pale panaingia chini ya kucha zake.

Kazi yako ilikuwa kupima madini. Walikuletea mawe, ukayasaga yakawa vumbi, ukaliweka vumbi kwenye mizani ndogo kama kitu cha kuchezea watoto, kisha ukasema ndani yake mna nini. Siku ya kwanza nilikuita Bwana, ukakataa. Ukasema, "Bwana yuko ofisini. Mimi ni mzee tu." Basi nikakuita Mzee, hata kabla nywele zako hazijawa nyeupe zote.

Na mlangoni ulibandika ratiba, kila mwezi, kwa penseli, upande mmoja kwa herufi zenu zinazotembea kutoka kulia, upande wa pili kwa Kiswahili, kwa ajili yangu. Nilikuwa msomaji wa pekee wa upande ule. Ijumaa jioni, sala. Jumamosi asubuhi, kusoma. Jumapili, watoto wa daktari kujifunza herufi. Mwezi wa tisa, Mwaka Mpya wetu. Kasimiri atafute asali ya Kabungu. Mwezi wa kumi, kibanda; Kasimiri akate matawi. Kibanda kile cha sikukuu mlikijenga uani na kukiezeka kwa matawi machache, ili nyota zionekane mkila. Jirani aliniuliza ni wazungu gani hawa wanaojenga nyumba inayovuja kwa makusudi, nami nikamjibu kwa ukali kwamba hajui kitu. Nilikuwa na kiburi kuliko ninyi wenyewe.

Nilijifunza sheria zenu zote za nje. Jua likizama Ijumaa, hakuna kuwasha moto, hakuna kubeba mzigo, hakuna kununua wala kuuza. Nilijifunza kwamba watu hawahesabiwi kwa namba. Mlikuwa mkihesabu kwa kukana: si mmoja, si wawili, si watatu. Hilo halikunishangaza, maana bibi yangu kule Mpimbwe naye hakukubali wajukuu wahesabiwe. Na nilijifunza kwamba kuna sala isiyosemwa bila wanaume kumi. Hiyo ilikuwa sala ya kumwombolezea mtu aliyekufa. Mkiwa tisa, midomo inafungwa.

Na Mpanda mlikuwa tisa.

Si mmoja, si wawili, mpaka si tisa, kisha kimya. Kila Ijumaa nilipanga viti kumi, na kila Jumamosi nilikuta kiti cha kumi hakijakaliwa na mtu.

Ulikuwa na binti, Miriamu. Uliniambia habari zake mara moja tu, tukiwa tunapaka chokaa ukutani, na ulizisema ukiutazama ukuta. Alibaki kwenu vita vilipoanza. Hukujua alikufa siku gani, wala wapi, wala kama kuna aliyemfunika. Kaburi halikuwepo. Basi ulichagua siku mwenyewe, siku iliyoandikwa kwenye barua yake ya mwisho, na mwaka ule wa hamsini na tatu siku hiyo iliangukia Ijumaa ya mwezi wa nane.

Uliandika kwenye ratiba: Ijumaa jioni, sala kwa ajili ya Miriamu. Watu kumi. Ukapigia mstari neno kumi. Maana barua ilikuwa imekuja kutoka Kigoma ikisema kwamba kuna mfanyabiashara wa Ujiji, Myahudi, jina lake Saadya, naye amekubali kupanda treni.

Sijawahi kukuona vile. Ulinyoa mapema. Ulinipa shati lako jipya nilipige pasi, ukalitazama, ukaniambia nilipige tena. "Kasimiri," ulisema, "miaka kumi sijamlilia kwa sauti. Leo nitamlilia."

Nilikwenda stesheni saa tisa kama ulivyoniagiza. Treni ikaja na vumbi lake. Walishuka wazungu wawili, padre mmoja wa Karema na ofisa mmoja wa serikali. Nilimngoja mwenye kofia na tai. Nilimngoja mzungu, Mzee Lazaro. Sema mwenyewe, ningemngoja nani mwingine, wakati Wayahudi wote niliowaona maishani walikuwa wazungu? Kando yangu alipita mtu mweusi kidogo kuliko Waarabu wa Ujiji, mwenye kanzu iliyochakaa na kizibao, amebeba furushi lenye harufu ya ngozi za ng'ombe. Nilimpisha ili furushi lisiniguse. Nikarudi nyumbani. Nikachukua ufagio nikarudia kufagia ua, nikianzia kizingitini nikirudi nyuma kuelekea langoni, mistari ikanyooka vizuri kama matuta ya viazi.

Nilikuwa namalizia pale alipokuja. Saa kumi na moja kasoro. Vumbi lilimfika magotini.

"Salamu, ndugu yangu," alisema. "Nimeelekezwa hapa."

"Leo hatununui ngozi."

"Sikuja kuuza. Nimeambiwa kuna watu wananisubiri."

"Hapa hakuna anayekusubiri. Msikiti uko kule sokoni."

Alitaka kusema tena. Nilimwona akifungua mdomo. Lakini nilitazama miguu yake, nikatazama ua wangu, nikaona akilini nyayo zake zikipita juu ya mistari yangu mpaka mlangoni, na nikamkata kauli. "Nenda, Bwana. Jua linazama. Sheria ya hapa, Ijumaa jioni mchuuzi haingii."

Sheria ya hapa! Mimi, mtoto wa Kibaoni, nikamfundisha Myahudi Sabato.

Na sasa nisikilize, kwa maana hili kwa miaka minne sikumwambia mtu, hata padre. Kwenye nguzo ya lango mlipigilia kijisanduku cha bati chenye maandiko ndani yake. Kila mmoja wenu alikigusa akiingia, kisha akabusu vidole. Yule mtu, kabla hajageuka, alinyoosha mkono. Alikigusa. Akabusu vidole. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili, mchana, nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

Nikafunga lango.

Moyo uliniambia mwite. Nami nikauambia moyo ukae kimya, labda amewaiga tu wenye nyumba, labda ni desturi ya huko kwao. Alipopotea kwenye kona niliona nyayo zake. Zilikuja mpaka langoni, zikasimama, zikageuka. Mtu yeyote angezisoma. Nikachukua ufagio nikazifuta.

Nilifagia, Mzee Lazaro. Hiyo ndiyo kazi niliyokufanyia.

Jioni ile niliwasha taa kabla ya jua kuzama, nikaketi nje chini ya dirisha kama kawaida yangu. Mlingoja. Ulitoka mara tatu ukatazama barabara. Mara ya tatu uliniuliza, "Hujamwona mtu?" Nikasema, "Sijamwona, Mzee." Ukarudi ndani. Nikasikia daktari, mmoja wenu ninyi tisa, akihesabu polepole, kama mtu anayedhani akihesabu polepole huenda wataongezeka. Si mmoja. Si wawili. Si tisa. Mkaimba nyimbo za Sabato zote, zile zinazoruhusiwa, na mlipofika pale pa sala ya Miriamu, pakawa kimya. Baba aliyenyoa mapema, mwenye shati lililopigwa pasi mara mbili, alisimama na jina la mwanawe mdomoni, akalimeza.

Ungedhani hapo ndipo dhambi yangu ilipoishia. Haikuishia hapo.

Jumapili baada ya misa, Telesphor, mpiga kengele wa stesheni, alinishika bega pale mlangoni pa kanisa akicheka.

"Wewe Kasimiri, yule Mwarabu uliyemfukuza juzi, mtu wa ajabu kweli! Amelala kwangu barazani. Nimempa ugali na kuku, kuku hakumgusa, kala ugali mtupu na tende zake. Jumamosi nzima hakushika mzigo, hakuwasha hata kiberiti. Kama wale wazungu wako! Nikamwuliza, kwani nyie mmefanana nini? Akaendelea na tende zake tu."

"Yuko wapi?"

"Si yuko stesheni? Treni inaondoka saa sita."

Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Kutoka kanisani hadi stesheni, mtu mwenye miguu mizuri anafika kabla hajatoka jasho. Na wewe ulikuwa nyumbani, na wale wanane walikuwa nyumbani, siku ya mapumziko. Siku yenyewe ilikuwa imepita, lakini uliwahi kuniambia kwamba Mungu hagombani na baba aliyechelewa kulia. Mngekuwa kumi kabla ya mchana.

Sikukimbia. Nitasema sababu, na sababu ni ndogo. Niliona aibu. Niliona uso wako utakapojua kwamba niliona vidole vile vikibusiwa. Niliona ufunguo wa nyumba ukitoka mfukoni mwangu, na kazi nayo. Nikasimama na Telesphor, nikacheka naye, ndiyo, nilicheka, na firimbi ya treni ikalia nikiwa bado nacheka.

Baada ya hapo ulibandika ratiba nyingine, na nyingine. Mwezi wa tisa, Mwaka Mpya. Asali ya Kabungu. Mwezi wa kumi, kibanda. Kwenye kila moja uliandika chini kabisa: Miriamu, tukipata kumi. Lakini mafundi wawili wakahamia Nairobi, mwenye duka akaenda kwa mwanawe, na badala ya kupanda, hesabu ikashuka. Si saba. Si sita. Nami niliendelea kupanga viti kumi, na kusoma upande wangu wa ratiba, na kufagia.

Ulipougua kifua, masika ya hamsini na sita, nilikuwa nakushikia kikombe. Uliniuliza, "Kasimiri, yule mgeni wa Ujiji. Unadhani kwa nini hakuja?"

Mungu alinipa mlango ule wazi kabisa. Nikasema, "Labda treni, Mzee."

Ukaitikia kwa kichwa. Ukasema, "Ndiyo. Hizi treni." Ukanifunika mkono wangu kwa mkono wako, kunifariji mimi. Tulikuzika siku tatu baadaye, wenzako watano na mimi. Midomo ikafungwa kwako pia.

Daktari, wa mwisho kati yenu, naye aliondoka mwaka uliofuata, akaniachia ufunguo wake. Sikuacha kazi. Kila Ijumaa lango hadi kizingiti.

Na Ijumaa iliyopita, mwezi huu wa nane, nikiwa nafagia, nikasikia mtu amesimama langoni. Nilijua kabla sijainua kichwa. Nywele za mashavuni zimekuwa nyeupe, furushi ni lile lile, harufu ni ile ile. Hakuingia. Alisimama nje kabisa ya mstari wa lango, kama mtu anayekumbuka alipokatazwa.

"Nimeleta ngozi sokoni," alisema. "Nikasema nipite niione tu hii nyumba."

Ufagio ukaniponyoka. Nilimwambia yote, Mzee Lazaro, kwa pumzi moja, mpaka kicheko changu pale kanisani. Nilimwambia habari za Miriamu. Nilimwambia kwamba umekufa.

Alitua furushi chini. Kisha akauliza, "Walikuwa wangapi jioni ile?"

"Tisa."

Akafunga macho. "Miaka minne," akasema, "nimedhani wao ndio waliokutuma. Nimedhani walinichungulia dirishani, wakaona rangi yangu, wakakwambia mfukuze. Nimewalaani, ndugu yangu. Kwenye sala zangu nimewalaani."

Sikulijua hilo. Nilidhani nilikuibia sala tu, kumbe nilikuibia na jina. Huko Ujiji, miaka yote ile, ulikuwa baba mwenye moyo mgumu anayefungia watu lango, nawe huku ulikuwa unatoka nje mara tatu kutazama barabara.

"Walikuwekea kiti," nilisema. "Njoo ukione. Tafadhali."

Alinyoosha mkono, akagusa kile kijisanduku kwenye nguzo, akabusu vidole. Akaingia. Nilimfungulia mlango na akakiona kiti cha kumi, cheupe kwa kutokaliwa, wakati vile vingine vimeng'aa kwa migongo ya watu. Akakaa. Sala yako hakuisema. Nilimwomba, akatikisa kichwa: peke yake hairuhusiwi, hata sasa. Alikaa tu mpaka kivuli cha dirisha kikafika miguuni pake, akilitaja jina lako na jina la Miriamu kwa sauti ndogo, akiomba msamaha kwa watu tisa ambao hawakumkosea kitu. Nami nilisimama mlangoni nikimsikiliza akiomba msamaha uliokuwa wangu.

Alipoondoka aliacha vumbi chini ya kiti. Uani aliacha nyayo, nyekundu juu ya mistari yangu, kutoka langoni mpaka kizingitini, na safari hii hazikugeukia njiani.

Leo ni Ijumaa tena. Lango liko wazi tangu asubuhi na ufagio umeegemea ukuta. Jirani amepita akauliza kama naumwa, mbona ua mchafu. Nimemwambia ni nyayo za mgeni, na kwamba mvua ndiyo itakayozifuta, si mimi.