Muhuri wa Mtani

Suva, mji mkuu wa Fiji, mapinduzi hayaji kama mgeni. Yanakuja kama shemeji aliyezoea: hayabishi hodi, na yakishaingia yanauliza chakula kiko wapi. Mara hii yaliingia mpaka chumba cha habari, yakavuta kiti yakakaa. Yalikuja na sura ya mtu, jina lake Sajini Apenisa. Kazi yake kusoma kila ukurasa wa gazeti kabla haujaenda mtamboni. Usiopigwa muhuri wake hauchapwi.

Waandishi walimwogopa hata kumpita. Litiana, mwandishi mwenye mdomo kuliko wote, alimuuliza jambo moja tu: kwao wapi? Sajini alipotaja kijiji, binti akapiga makofi.

"Kumbe kwenu ndiko kwa wala popo!"

"Na nyie wezi wa magimbi, bado hamjafungwa?"

Basi ikajulikana kwamba koo zao ni watani tangu enzi za mababu. Na utani wa Fiji si mchezo. Mtani akikutukana, unacheka. Akianua shati lako kambani akaondoka nalo, unacheka, na shati limekwenda. Kununa ni aibu ya ukoo mzima.

Tangu hapo chumba kikachangamka. Sajini anafuta habari za watu kwa kalamu nyekundu huku anasimangwa, Litiana anamlia chapati yake naye anatazama. Mhariri, mzee Dutt, akawa anatikisa kichwa. "Msicheke sana. Huyu akivua kofia ni mtani. Akiivaa ni serikali."

Mchana mmoja akaingia Merewalesi, muuza samaki wa sokoni, amevaa nguo nyeusi za matanga mwili mzima. Mwanawe Semi alikuwa amesema neno juu ya wakubwa kwenye kikao cha yaqona, kinywaji cha mizizi iliyopondwa, watu wakinywa na kupiga soga. Askari wakamchukua wakampeleka kambini, wakamrudisha maiti. Redio ikatangaza kwamba alianguka ngazini.

"Sitaki fidia," mama alisema. "Nataka jina la mwanangu na neno kambi vikae mstari mmoja. Watu wasome."

Litiana akaandika. Sajini akasoma, akarudia kusoma, kisha akaiweka karatasi chini ya kikombe chake cha chai.

"Hii hapana, Litiana."

Hapo Litiana akajua utani umekwisha, kwa maana siku zote Sajini alimwita mwizi, si kwa jina. Akamtazama Merewalesi, aliyekaa kwenye kiti cha mlangoni, mikono mapajani, haonyeshi dalili ya kuondoka. Akautazama muhuri, upo mezani wazi kama embe la barabarani. Akaunyakua, akaivuta karatasi, pa!

Vichwa vyote vikainuka.

"Nimeiba, mtani. Haya, kasirika tukuone."

Mmoja akacheka, wakafuata wote, kicheko cha watu wenye hofu. Mkono wa Sajini ulikuwa umeshanyooka kuifuata karatasi. Ukasita hewani, ukageuka, ukachukua kikombe.

"Ukoo wa wezi," akasema, naye akacheka. Mzee Dutt alikuwa ameshashuka ngazi na ile karatasi kwenda mtamboni.

Kesho yake gazeti liliisha sokoni kabla ya samaki. Merewalesi alifunga samaki wake kwa magazeti ya zamani. Hilo hakuligusa kwa kazi hiyo.

Jumatatu gari la jeshi likaja. Litiana alikuwa tayari na kanga na mswaki mkobani. Akasimama. Askari wakampita kama wanavyopita meza, wakamnyanyua Sajini, ambaye kofia yake alikuwa ameshaivua mwenyewe.

Kiti kikapata mtu mwingine. Litiana akamuuliza kwao wapi.

"Kaa chini," akajibiwa.

Siku zikapita, hata jioni moja wapiga chapa walipokuwa kwenye mkeka nyuma ya mtambo na bakuli lao la yaqona, Apenisa akatokea, bila sare, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kiwikoni. Litiana akakimbilia fungu la mizizi ya yaqona, ambalo kwa ada huombewa radhi, akaja akapiga magoti.

"Ondoa takataka zako! Tangu lini mwizi akaomba radhi kwa mtani?"

"Niache niseme, Apenisa."

"Na usijivune. Siku zote muhuri nilikuwa natembea nao mfukoni. Siku ile nani aliuweka mezani?"

Watu wakaangua kicheko. Litiana aliinamia ile mizizi, hakucheka.

"Cheka, wewe. Unaniaibisha mbele za watu."

Juu, dirishani, yule aliyekirithi kiti alikuwa amesimama anawatazama, kofia kichwani.

Wakamletea Apenisa kifuu chake cha yaqona. Mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka. "Nishikie, mwizi. Na usininywee." Litiana akamnywesha, na nyingine ikamwagikia shati lake. Ada ni mnywaji apige makofi akimaliza. Apenisa akautazama ule mkono wa bendeji. Litiana akamnyooshea kiganja chake, naye akakipiga, polepole, mara tatu.