Mrija wa Frankline

Kakamega, mama yake Frankline huacha busaa, pombe ya mahindi na wimbi, ichache kwenye chungu bila presha, yeye akichambua mboga. Huku Al-Mahjar, Jeddah, ilikuwa nyuma ya kitanda chetu, ndani ya mtungi wa maji wa plastiki, kifuniko kimekazwa hadi mwisho ili majirani wasinuse. Mtungi ulikuwa umevimba kama tumbo la mbunge.

"Lewis, njoo uone," Frankline akaniita. "Imekua."

"Hiyo ina mimba, jamaa yangu."

Hakucheka. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amezaliwa wiki hiyo, na kwao mtu huvuta busaa kwa mrija ndipo jina la mmoja wa mababu litajwe. Frankline akaapa litatajwa Jeddah pia. Mrija aupate wapi? Bwana mkubwa akapanda kiti, akakata mpira unaotoa maji ya AC. AC ikamwagia jirani wa chini maji. Jirani akalalamika, na harisi, mlinzi wa jengo, akatuamuru tuizime mpaka alete fundi baada ya alasiri. Chumba kikawa tanuri, busaa ikapata wazimu. Unaona akili? Mtu mmoja, kisu kimoja.

Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Wakiikuta pombe ni jela, kisha ndege, na kazi ya bandarini kwaheri. Frankline alikuwa akitembea mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, akimpigia dada yake Rosebellah, mfanyakazi wa nyumbani kule Al-Naseem, Riyadh, aliyekulia kando ya chungu cha mama yao.

Rosebellah alinong'ona, madam yuko sebuleni. "Umeifunga? Frankline, umefunga busaa?"

"Harufu, dada."

"Mama alishawahi kufunga? Usifungue ghafla, itafika darini. Iwekeni kwenye beseni la maji na barafu. Ikipoa, legeza kifuniko kidogo, isikie inapumua, kaza, legeza tena. Halafu tafuta mpira, uingize mdomoni mwa mtungi, ncha ya pili izame kwenye ndoo ya maji, gesi itokee huko. Naam madam, nakuja!"

Simu ikakatika. Tukaubeba mtungi hadi bafuni kama mgonjwa. Frankline alilegeza, ukafoka fyuuu, akakaza. Akalegeza tena. Mwishowe tukachomeka mpira, tukaziba pembeni kwa kitambaa. Povu la kahawia likapanda mpirani, ndoo ikaanza kububujika. Frankline akatabasamu.

Mlango ukagongwa. "Yalla! AC!"

Tukatazamana, kisha tukautazama mpira. Ulikuwa huo huo mmoja wa AC. Mtungi ukibaki wazi, harufu ingempokea harisi kabla hajavua viatu. Ukifungwa, ungepasuka fundi akiwa juu ya ngazi.

"Mwaga," nikasema.

"Ni ya mtoto, Lewis."

"Mtoto anataka baba. Busaa hajaomba."

Akaimwaga yote chooni na machicha yake, akavuta maji, akafuatisha chupa nzima ya dawa ya choo. Mimi nikafungua mlango huku nikifuta mpira kwa shati.

Fundi alikuwa Mueritrea, jina lake Habtom limeshonwa kifuani. Harisi alibaki mlangoni na simu yake. Nikampa fundi mpira, nikasema ulianguka. Akautazama ulivyokatwa kwa kisu, akanitazama. Halafu akafanya wanavyofanya mafundi wote wa AC wakitaka kujua kama mpira umeziba, na mimi sikuwahi kulifikiria hilo hata kidogo. Aliutia mdomoni, akavuta.

Akalamba midomo. Frankline alishika pazia.

"Fi mushkila?" harisi akauliza. Kuna shida?

Habtom akavuta tena, safari hii taratibu.

"Mafi mushkila," akajibu. "Uchafu kidogo."

Akaurudisha mpira mahali pake, AC ikanguruma. Akitoka aliniinamia sikioni, akaniambia kwa Kiarabu chetu cha kazini: ukiziba tena, niite mimi, si mwingine.

Frankline alikuwa ameketi sakafuni.

"Amevuta kwa mrija," nikamwambia. "Mara mbili."

"Nyamaza."

"Nasema tu mila zenu."

"Hakutaja jina lolote, Lewis!"

"Angetaja nini, na lake limeshonwa shatini?"

Simu ikalia. Rosebellah, bado ananong'ona: "Imetulia?"

Frankline akatazama mlango wa bafuni. "Imetulia, dada. Imetulia kabisa."

"Muulize," nikapaza sauti, "kama kwenu kuna babu aliyewahi kuitwa Habtom!"