Dawa Tuliyozibia Shimo

Mimi sipendi wageni wa kampuni. Nikisikia wanakuja, najua tutafagia barabara ambayo si yetu, tutaimba wimbo ambao hatuupendi, halafu tutapewa soda ya moto. Lakini safari hii hata mimi Kuluthum, Mama Jalal mwenye mdomo, nilifunga leso kiunoni nikashika ufagio. Nilifanya hivyo kwa ajili ya Anyango.

Anyango, Mama Natalie, ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Tunakaa upande wa nyuma wa Kiamunyi, ambako mabomba ya mji hayajafika na kila mtu anakunywa maji ya kisima. Maji yenyewe ni meupe, hayana harufu wala ladha mbaya. Yana madini ya floraidi tu, na floraidi haionekani kwenye kikombe. Inaonekana miaka baadaye, kinywani mwa mtoto. Natalie, kifungua mimba wa Anyango, ana miaka kumi na minne na meno ya rangi ya majani ya chai. Hacheki mpaka aweke kiganja mdomoni. Shuleni walimpa jina ambalo sitalirudia hapa, na siku hizi magoti nayo yameanza kumuuma.

Daktari wa meno alimwambia Anyango kwamba ya Natalie yameshapita. Kisha akamwonyesha Mitchelle, mdogo wake, aliyekuwa na miaka minne. Akasema meno ya ukubwani ya huyu yanajengwa sasa hivi ndani ya ufizi, na maji anayokunywa ndiyo yatakayoamua yatoke na rangi gani. Tangu siku hiyo Anyango aliishi kwa ajili ya kitu kimoja, nacho ni kibanda cha maji.

Kibanda kilijengwa na kampuni ya maua iliyo chini ya mtaa wetu. Wanunuzi wao wa ng'ambo wanataka waridi lenye muhuri, na muhuri haupatikani mpaka kampuni ionyeshe kwamba inawajali majirani. Basi wakatuwekea tangi la kuchuja maji. Siku ya ufunguzi mkubwa wao alihutubia kwa Kiingereza kirefu, nasi tukapiga makofi kila aliponyamaza. Ndani ya tangi mna nini, hatukuambiwa kwa lugha tunayoijua. Anyango alipewa ufunguo awe msimamizi, bila mshahara, akaupokea kama mtu aliyerithi shamba. Mitchelle hakuonja tena maji mengine. Hata akienda kwa watu alibebewa chupa yake, nami nikawa namuuliza mama yake kama anamlea binti wa mfalme.

Ndipo akaja Sydney. Huyu ni afisa wa kampuni wa mambo ya jamii, kijana mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka linatisha.

"Mama Natalie, wageni wanakuja Thursday," alisema. "Hii visit ni serious. Wakipenda project, kampuni inaendelea nayo. Wasipoipenda..." Akainua mabega. "Nataka hapa pang'are. Juu, chini, ndani, nje. Kila kitu."

Alisema ndani. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

Sasa sisi ukituambia mgeni anakuja, tunaosha hata kile ambacho mgeni hatakiona. Jumatano wanawake walimiminika na ndoo, brashi na sabuni ya unga. Tukapaka kuta chokaa, tukapanga mawe njiani. Kisha Anyango akapanda ngazi, akafunua mfuniko wa tangi, akapiga kelele.

"Uwii! Mama Jalal, kuja uone hii uchafu!"

Nikapanda, nikaona. Tangi lilikuwa limejaa punje nyeusi, kama makaa yaliyosagwa. Anyango machozi yalimlengalenga. "Na mtoto wangu amekuwa akikunywa hii maji? Na mimi ndio niko na ufunguo?"

Tukazichota zile punje ndoo baada ya ndoo. Pale mbele ya kibanda palikuwa na shimo lililochimbwa na mvua za mwaka jana, tukaona heri tulizibe nazo ili gari la wageni lisigonge tumbo. Tangi tulilisugua mpaka likawa kama limetoka dukani, tukalijaza maji upya. Anyango aliimba akisugua. Tumekaa pamoja miaka mingi na sikuwahi kumsikia akiimba.

Alhamisi gari lilipita juu ya shimo bila kutikisika. Sydney aliwapanga watoto kwa ajili ya picha, wenye meno meupe mbele. "Wewe mrembo, simama huko nyuma," alimwambia Natalie, na Natalie akaenda, kiganja tayari mdomoni. Anyango aliona. Akavumilia kwa sababu ya yule mdogo.

Mgeni mkuu, mama wa Kizungu mwenye miwani, alikinga maji ya bomba la kibanda kwenye kichupa, akatia matone ya dawa, akalinganisha rangi na kadi yake. Akarudia. Akamnong'oneza Sydney. Sydney akapanda ngazi, akachungulia ndani ya tangi, akashuka akiwa amepauka.

"Mama Natalie, ile kitu nyeusi iko wapi?"

"Tulitoa. Ilikuwa uchafu."

"Uchafu? Hiyo ndio filter! Hiyo ndio inashika fluoride! Ni mifupa ya ng'ombe imechomwa!"

Kisha Anyango akauliza kwa sauti ndogo sana, "Na mbona hamkutuambia?"

Sydney alinitazama, akatazama buibui langu, akainamisha macho. "Kampuni iliogopa. Mkisikia mifupa, si mngekataa kukunywa? Hasa nyinyi Waislamu."

Damu ilinipanda kichwani. "Mifupa ya ng'ombe? Sydney, mimi kila Ijumaa nachemsha supu ya mifupa, na hapo ulipo ushawahi kuinywa kwangu! Ningekuuliza kitu kimoja tu, ng'ombe amechinjwa na nani. Ungenijibu, tungemaliza!"

Anyango alikuwa ameshapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya wageni na kamera zao. "Boss, wekeni ingine. Sasa tumejua. Hatutagusa tena, naapa. Niko na mtoto."

"Si mimi naamua, mathe," alisema Sydney. Siku zote alikuwa akimwita Mama Natalie, si mathe kama mama yeyote wa barabarani.

Wakapanda gari wakaondoka, magurudumu yakapita tena juu ya dawa yetu.

Wiki iliyofuata kibanda kilitiwa kufuli jipya. Tuliambiwa jamii haikuwa tayari kuutunza mradi. Muhuri wao hawakuukosa, msiwe na wasiwasi. Walipanda miche ya miti kando ya barabara yetu, wakasimamisha na bango lenye picha ya watoto wetu wakicheka, wale wa mbele. Lori huja kuimwagilia ile miche. Maji yake ni ya mvua, yamevunwa juu ya mapaa ya nyumba zao za maua, hayana floraidi hata chembe. Anyango alilikimbilia lori hilo na mtungi wa plastiki, akaomba ajaziwe huo mmoja tu.

"Hii ni ya miti, mathe," dereva alimwambia. "Nikikupea wewe, nitapea kila mtu."

Nilimwona akisimama pale na mtungi mtupu, akitazama maji yakinywewa na mchanga.

Jioni ile alipiga magoti kwenye shimo la barabara. Alichimbua zile punje kwa kijiko, zimesagika, zimechanganyika na vumbi na mafuta ya magari. Nikaingia shimoni tukachimbua wote. Alizipepeta kwa ungo, akaziosha mara nyingi, akazitia kwenye ndoo aliyoitoboa chini. Maji ya Mitchelle sasa yanapitia humo. Sydney, tulipompata kwa simu, alisema hajui kama zinafanya kazi bado. Wa kupima, mwenye kichupa na matone, hayupo.

Kila asubuhi Anyango anamleta Mitchelle mlangoni kwangu, penye mwanga, anamwambia afungue mdomo. Mtoto anapanua kinywa huku anacheka, anadhani ni mchezo.

"Ni meupe, Mama Jalal, si ndio?"

"Meupe," namjibu.

Lakini hayo ni meno ya utotoni, na sote wawili tunajua. Yale mengine yamo ndani ya ufizi, yanaendelea kujengwa.