Matonge Matatu ya Hirut

Daktari Hirut alikuja kwetu Gojam wiki mbili kabla ya mvua, akapanga chumba changu cha nje. Jina lake ni la huku, malezi ni ya Uswidi. Si daktari wa watu. Alikuwa anachunguza matumbo ya tazma, wale nyuki wa porini wadogo wasiouma, wanaojenga ardhini. Alihitaji viota vitano. Mvua ikianza matundu yao huzibwa na tope, na kazi yake ya miaka mitatu ingeishia hapo.

Kiota kimoja kilikuwa chini ya ukuta wangu. Vingine alivijua shemeji yangu Bizuneh peke yake; hata marehemu mume wangu, kaka yake wa damu, hakuonyeshwa.

Nikamwita Bizuneh aje kula, wazoeane. Ilikuwa Jumatano, siku ya mfungo kanisani kwetu, tukafungua saa tisa kwa injera, mkate wetu mpana na laini, na shiro, mchuzi wa unga wa dengu, sinia moja. Bizuneh akakunja tonge, akampelekea mgeni mdomoni. Hirut akalimeza amefumba macho. La pili akalikwepa.

"Nimeshiba, baba."

Akatoa kichupa, akajipaka sanitaiza.

Kwetu tonge la mkono wa mtu halikomi kwenye moja. Kukomea moja ni kutangaza ugomvi. Ni matatu.

"Anayepekua matumbo ya nyuki ndiye anauonea kinyaa mkono wangu?" Bizuneh aliniuliza mimi, kana kwamba mgeni hayupo. "Nimenawa mara mbili, shemeji. Na viota vyenyewe nimevisahau. Uzee."

Siku tatu Hirut alizunguka mashambani akarudi na vumbi tu. Jumamosi akaniita ukutani. Alikuwa amechukua nyuki wachanga wa kiota changu akawalisha sukari kwenye visanduku. Nusu aliwatia doa la bluu. Nusu aliwachanganyia dawa ya kuua vijidudu vya tumboni, akawatia doa jeupe. Sasa alikuwa akiwarudisha kwao.

Wa bluu walinuswa mlangoni wakapita. Weupe walinuswa, wakakamatwa mabawa, wakaburutwa nje.

"Si wamezaliwa humo humo?" nikauliza.

"Humo humo, mama. Ila matumbo yao ni matupu. Nadhani vijidudu wanavyopeana wakilishana ndivyo vinavyowapa harufu ya nyumbani. Asiye navyo ni mgeni."

Nikamtazama. Nikakitazama kichupa mfukoni mwake.

"Mwanangu, wewe una doa la rangi gani?"

Akacheka, akakiweka kichupa dirishani.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nikampeleka kwa Bizuneh. Kulikuwa na kitfo, nyama mbichi ya kusaga iliyokolea siagi. Bizuneh akakunja tonge la kwanza, likapita. Tonge la pili lilikuwa kama ngumi. La tatu lilikuwa kama ngumi mbili. Hirut alitafuna machozi yakimtoka, akashukuru.

Jumatatu asubuhi alihamia chooni.

Habari ilienea kabla sijachemsha kahawa. Jirani mmoja alileta kitunguu saumu, mwingine maji ya baraka, mke wa kasisi akaja kuuliza sauti ya tumbo ikoje. Watu ambao juzi walikuwa wakimpita bila salamu sasa walisimama nje ya choo wakimpa pole kupitia mlangoni.

Bizuneh akaja mwisho, na chupa ya asali ya tazma, dawa yetu ya tumbo.

"Lamba kijiko kimoja, binti. Kitakufunga."

Mkono ukatoka mlangoni, ukaipokea.

"Baba, hii ni ya kiota gani?"

Bizuneh akanitazama. Nami nikatazama pengine.

"Cha nyuma ya kisima," akasema. Mgonjwa hafichwi dawa ilikotoka.

"Na ya kiota hicho ikiisha, nikatafute wapi?"

Bizuneh akavuta jiwe, akakaa. Akavitaja vingine vitatu, polepole, na mti ulio karibu na kila kimoja, huku mimi nikiandika nyuma ya kalenda ya kanisa. Na changu vikawa vitano. Kwa mbali mawingu ya mvua yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

"Ukipona," akasema akiinuka, "unakuja kula tena."

Mlango ukafunguka kidogo.

"Matatu, baba?"

"Matatu."